Mume wangu hana kaburi. Atafufukaje?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nakuandikia kutoka Bagamoyo. Mume wangu alikuwa baharia kwenye boti ya dagaa. Mwaka jana wakati wa kusi chombo chao kilizama usiku. Wawili waliokoka, mmoja aliopolewa akiwa ameshafariki, mume wangu na mwenzake mmoja hawajaonekana mpaka leo. Yule mwenzake alikuwa Mwislamu. Msikitini walimswalia swala ya ghaibu, na majirani wakatufariji kwamba afaye maji hufa shahidi. Sisi tulikaa matanga bila maiti, bila jeneza, bila kutia udongo. Mama mkwe tangu siku ile hali samaki, anasema hajui atakuwa anakula nini. Wapo wanaosema asiyezikwa roho yake hutangatanga baharini, kwa hiyo tutoe kafara. Lakini kinachoninyima usingizi mimi ni kwamba mume wangu alikuwa hajaungama muda mrefu, na kanisani alikuwa anaenda kwa nadra sababu ya kazi. Mtu aliyeliwa na samaki atafufukaje? Na hiyo imani aliyokuwa nayo, ilitosha?

JIBU: Milele na milele, mwanangu. Pole sana. Umpe pole na mama mkwe, umwambie nimemtaja kwenye sala.

Nianze na la mwili, maana ndilo linalomfanya mama asukume sahani pembeni. Swali lenu lina umri mrefu. Mwaka 177, katika mji wa Lyon ulioko Ufaransa ya leo, Wakristo waliuawa hadharani. Maiti zao zikaachwa nje siku sita, kisha zikachomwa na majivu yakamwagwa katika mto Rhône. Waliofanya hivyo walisema wazi kusudi lao: watu hawa wasibakiwe hata na tumaini la kufufuka. Kwa akili yao, ukiondoa kaburi umeondoa na ufufuko. Wakristo waliosalia waliandika barua kuwapa habari ndugu zao wa Asia, na sehemu kubwa ya barua hiyo tunayo mpaka leo. Wanaeleza walivyoumia kwa kushindwa kuwazika wapendwa wao. Kwamba wapendwa hao sasa wamepotea kwa Mungu, hawasemi popote.

Baadaye, mwaka 410, Wagothi waliuteka mji wa Roma na maiti nyingi zikakosa wa kuzizika. Swali likarudi lilelile. Aliyelijibu alikuwa Agostino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa pwani ya Algeria ya leo. Alisema mazishi, msafara na kaburi zuri ni faraja kwa walio hai kuliko msaada kwa aliyekufa. Na karibu mwaka 421 askofu mwenzake, Paulino wa Nola, alimwandikia kuhusu mama mmoja aliyetaka mwanawe azikwe ndani ya kanisa, jirani na kaburi la Mtakatifu Felisi. Je, inamfaa kitu huyo mtoto? Agostino akajibu kwamba mahali pa kaburi peke yake hapamfai kitu marehemu. Kinachomfikia ni sala, Misa na sadaka anayopewa maskini kwa ajili yake. Kaburi linafaa kwa kuwa linamkumbusha mama kusali.

Hayo hakuyaandika mtu asiyejua msiba. Mama yake mwenyewe, Monika, alifia ugenini mwaka 387, huko Ostia, bandari ya Roma, wakisubiri chombo cha kuwarudisha Afrika. Alikuwa ameshajiandalia kaburi kwao, ubavuni mwa mumewe, na watu walijua alivyolijali. Lakini walipomuuliza kama haogopi kuuacha mwili wake mbali hivyo na nyumbani, alisema hakuna kilicho mbali na Mungu, wala haogopi kwamba siku ya mwisho Mungu hatajua mahali pa kumfufua. Na wanawe akawaambia wauzike mwili huo popote, wasihangaike nao. Alichowaomba ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Msimulie mama mkwe habari hiyo. Imesemwa na mama mwenzake.

Hata hapo mjini kwenu mnayo mifano. David Livingstone alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Wenzake, Chuma na Susi wakiwamo, waliuzika moyo wake palepale chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, ukafika Februari 1874 na kupokewa kwenye misheni. Aprili mwaka huohuo ukazikwa London. Moyo uko Zambia, mifupa iko Uingereza, na sijawahi kumsikia Mkristo akihofu kwamba siku ya ufufuko Mungu atampata nusu.

Basi atafufukaje? Wakorintho walimuuliza hivyohivyo Mtakatifu Paulo, na jibu lake linaanza kwa ukali: "Ewe mpumbavu! uipandayo haihuiki, isipokufa." Kisha anasema hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika. Mbegu ya hindi ukiifukua baada ya wiki tatu huikuti. Imekwenda, na mhindi uliosimama pale ni wake, si wa mbegu nyingine. Imani yetu ni kwamba Mungu atamfufua mume wako huyuhuyu, akiwa na mwili wake, wewe ukimjua ni yeye. Haisemi kwamba ufufuko ni kazi ya kuokoteza vipande. Hata mwili tulio nao leo haujakaa na nyama zilezile tulizokuwa nazo utotoni, na bado mama anamjua mwanawe.

Na huyo Paulo alikuwa anayajua maji. Akiwahesabia Wakorintho taabu zake katika barua ya pili, anaandika: "mara tatu nalivunjikiwa jahazi, kuchwa kucha nimepata kukaa kilindini." Ile ajali ya Malta tunayoisoma katika Matendo ya Mitume ilikuwa bado. Mtu aliyekesha akielea baharini, asijue kama ataliona jua, ndiye anayetuambia kwamba wafu watafufuliwa wasiwe na uharibifu.

Soma pia Ufunuo 20:13. Pale wafu wanapoitwa, ya kwanza kutajwa kwamba inawatoa ni bahari: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Mauti na Kuzimu zinafuata. Hapo lipo jibu la watu kama ninyi, msio na mahali pa kuweka maua.

Kuhusu samaki. Mama mkwe hatendi dhambi kwa kuwaacha, wala hatatenda dhambi siku akiwarudia. Usimsukume, na usiruhusu mashemeji wamtanie. Bagamoyo samaki ndio kitoweo cha kila siku, kwa hiyo mama amejifunga mfungo mzito. Mpikie maharage, mwekee sahani, usiongeze neno. Siku akiuliza mwenyewe, msomee Yohana sura ya 21. Yesu amefufuka, mwili wake una alama za misumari, naye anawangoja wavuvi ufukweni alfajiri, amewasha makaa na juu yake kuna samaki na mkate. Katika Luka 24 anakula kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao ili waamini kwamba ana mwili kweli. Kilicholiwa na kiumbe wa Mungu hakijatoka mikononi mwa Mungu.

Sasa roho yake iko wapi? Haipo baharini ikitangatanga. Mtu akifa husimama mbele za Mungu mara moja, na mwili ndio unaongoja siku ya mwisho. (Jambo hili liliwahi kuleta zogo kubwa: Papa Yohane XXII alihubiri kwamba hata watakatifu hawamwoni Mungu mpaka ufufuko, akapingwa na wanateolojia wake, akayakana maneno hayo kitandani kabla ya kufa mwaka 1334. Mwaka 1336 mrithi wake, Benedikto XII, akatangaza fundisho tunalolishika. Ndugu zetu Wasabato hapa hawakubaliani nasi. Wao husema wafu wamelala hawajui neno mpaka parapanda. Ukiwasikia matangani usishtuke, hata wao ufufuko wanaungoja.) Kwa hiyo habari ya kafara iache. Kuku au mbuzi wa kutupwa baharini hamfikii marehemu; atakayefikiwa ni mganga, kwa nauli na posho yake. Hata masheikh wa huko kwenu wanaoijua dini yao watakukataza. Fedha hiyo, kama ipo, mpe mtoto wa yule baharia mwingine aliyepotea, umtolee mumeo kama sadaka.

Nimefika kwenye swali lako wewe.

Sitakuambia kwamba yuko mbinguni tayari. Padre anayesema hivyo kwenye kila mazishi anawatuliza watu kwa kitu ambacho hakupewa kugawa, na kesho yake mjane anabaki na mashaka yaleyale, tena hana wa kumuuliza. Lakini kumbuka na hili: Kanisa limewatangaza watu wengi sana kuwa watakatifu, na halijawahi kutangaza kwa jina mtu hata mmoja kwamba yuko motoni. Hata Yuda halijamtangaza.

Unauliza kama imani yake ilitosha. Fungua Mathayo 14. Petro anatembea juu ya maji, anauona upepo, anaogopa, anaanza kuzama, anapiga yowe: "Bwana, niokoe." Halafu tazama mambo yanavyofuatana: "Mara Yesu akanyosha mkono wake, akamshika, akamwambia, Ewe mwenye imani haba, mbona uliona shaka?" Alimshika kwanza. Maswali ya imani haba yalikuja Petro akiwa ameshashikwa. Imani ya Petro usiku ule ilikuwa haba kwa ushahidi wa Bwana mwenyewe, na kilichomwokoa ulikuwa mkono wa aliyeitwa, aliyekuwa karibu kuliko alivyodhani anayezama. Tukianza kupima imani ya mtu kwa kilo, kwamba ya huyu inatosha na ya yule imepungua, tumesahau ni nani anayeokoa.

Utaniambia Petro alitolewa majini na wa kwako hakutolewa. Ni kweli, na siwezi kulipaka jambo hilo rangi. Lakini Petro huyohuyo baadaye aliuawa Roma, zama za Kaisari Nero, na mara hiyo hakuna mkono ulioonekana ukimwondoa kwa wauaji. Je, Bwana alimwacha? Ahadi aliyotupa Kristo haikuwa kwamba hatutakufa. Alimwambia Martha, mbele ya msiba wa siku nne: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi." Ajapokufa. Uzima huo mumeo aliupokea siku ya ubatizo wake, akauishi kwa shida na kwa kusinzia kama wengi wetu. Maji ya bahari hayana uwezo wa kufuta yale ya ubatizo.

Kuhusu kutokwenda kanisani sikufichi: kuacha Misa ya Jumapili bila sababu nzito ni kosa kubwa. Lakini boti ya dagaa hufuata giza la mwezi, haifuati kalenda ya parokia. Giza likiingia wanakaa kambini au baharini usiku mfululizo, na wanapata nafasi ya kupumzika mbalamwezi ikiwaka. Ikiwa Jumapili nyingi zilimkuta kazini akiwatafutia chakula, Mungu anaijua ratiba hiyo kuliko paroko. Kama zilikuwapo nyingine alizolala tu nyumbani, hizo nazo anazijua, na ndiyo maana tunamwombea.

Kuungama vivyo hivyo. Kanisa linafundisha kwamba mtu akijuta kwa sababu anampenda Mungu, naye ana nia ya kuungama mara atakapoweza, anasamehewa hata dhambi ya mauti kabla hajamfikia padre. Majuto hayo hayahitaji saa nzima. Mnyang'anyi msalabani alikuwa na sentensi moja. Inasimuliwa pia kwamba mjane mmoja alimwendea Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars aliyefariki mwaka 1859, akiwa hana tumaini kwa sababu mumewe alijirusha darajani akafa. Padre akamwambia kwamba kati ya daraja na maji alikuwa na muda wa kujuta. Wa kwako hakujirusha. Alikuwa kazini, na chombo hakizami kwa kufumba na kufumbua. Kulikuwa na muda.

Waliookoka, naona, hawajakuletea neno lolote alilosema, na wala hakuna ajabu, maana kwenye upepo wa kusi usiku hata nahodha hasikiki. Lakini kama alilelewa Mkatoliki, tangu utoto wake alisema Salamu Maria mara zisizo na hesabu: "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Alikuwa ameshaiombea saa ile, tena miaka mingi kabla haijafika. Mimi sala hiyo sidhani ilipotea njiani.

Majirani waliokuambia afaye maji hufa shahidi walisema yaliyomo katika dini yao, na walisema kwa upendo; upokee upendo huo. Sisi jina la shahidi tunamwekea aliyeuawa kwa sababu ya imani. Lakini upande wa pili pia hatuna fundisho lolote linalosema kufa ghafla au kufa maji ni adhabu. Atakayekuambia hivyo, hata akiwa na Biblia kwapani, mwambie hajui anachokisema.

Na kama mumeo aliondoka na madoa, na nani hana, ndipo inapoingia toharani. Watu wanaiogopa bure. Waliomo wameshaokoka, wanatakaswa ili waweze kumwona Mungu, na sala zetu zinawasaidia. Kwa hiyo zile siku unazokosa usingizi, usingizi huo una kazi. Sali Zaburi ya 130, ambayo Kanisa limeisali kwa ajili ya marehemu karne nyingi: "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia." Kwa mtu wa bahari sijui zaburi nyingine inayofaa zaidi.

Mambo ya kufanya. Umesema wenzenu walikuwa na swala ya ghaibu nanyi hamkuwa na kitu. Mnacho: Misa ya mazishi inaweza kuadhimishwa bila mwili kuwapo. Ibada ya mwisho ya kumuaga marehemu, ile ya maji ya baraka na ubani juu ya jeneza, ndiyo kwa kawaida huachwa, kwa sababu hufanywa mbele ya mwili. Masomo, sala na Komunyo ni vilevile. Hata kama mwaka umepita, mwombe paroko wako. Waalike na wale mabaharia wawili waliookoka, hata kama si Wakristo, wakae mbele pamoja na ndugu. Mwombe pia ruhusa ya kusimika msalaba wenye jina lake na tarehe kwenye makaburi ya parokia, ubavuni mwa ndugu zake waliozikwa hapo kama wapo. Kaburi tupu halina kosa, na mama mkwe atapata mahali pa kupiga magoti. Novemba inapokaribia, andika jina lake kwenye orodha ya marehemu wanaoombewa mwezi huo, maana Novemba 2 ni siku yao wote.

Kuna moja hukuniuliza, ila bora ulijue mapema kuliko kuambiwa na mtu vibaya siku unayolihitaji. Mume asipoonekana maiti yake, na hakuna cheti cha kifo, Kanisa halikuhesabu kuwa mjane huru wa kufunga ndoa nyingine kwa sababu tu muda umepita. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1707, inamtaka askofu achunguze kwanza na kutoa tamko kwamba kifo kinaaminika kwa uhakika wa kiadili, yaani uhakika usioacha shaka ya msingi. Ushahidi unaohitajika unao karibu: wale wawili walioona chombo kikizama. Leo huenda hutaki hata kulisikia jambo hili, na hakuna anayekulazimisha. Lakini mabaharia huhama, mmoja yuko Mafia mwezi huu na Pemba mwezi ujao, na kumbukumbu hufifia. Mwombe paroko achukue maelezo yao kwa maandishi sasa, watie sahihi mbele ya mashahidi, na nakala moja ukae nayo wewe.